Kabla ya kupaka krimu, tazama rangi ya zamani

Kila Idd au Krismasi inapokaribia, mafundi wa rangi hapa Shanzu huwa hawashikiki. Wenye nyumba wengi huchagua krimu, ile nyeupe iliyotiwa umanjano kidogo, nalo ni chaguo jema kwa jua letu la pwani, kwa sababu haiumizi macho kama nyeupe tupu. Kiafya, jambo la kuangaliwa zaidi ni rangi iliyo chini yake.

Hewa ya chumvi na unyevu wa bahari hubambua rangi haraka. Kabla ya kupaka upya, fundi hana budi kuikwangua ile ya zamani, na aghalabu hutumia msasa mkavu. Vumbi hilo jepesi hutua kwenye mkeka, kwenye pazia na hata kwenye sufuria. Iwapo rangi hiyo ilikuwa na madini ya risasi, familia huila na kuivuta puani bila kujua.

Zamani rangi nyeupe nyingi zilitengenezwa kwa risasi, na hata umanjano ulipatikana kwa risasi iliyochanganywa na kromu. Madhara yake yamejulikana kitambo. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika kupaka ndani ya majengo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini Kenya ni sehemu 90 kwa kila milioni, lakini sheria haiwezi kuibandua rangi ya mafuta iliyopakwa mlangoni miaka 40 iliyopita.

Mtoto mchanga hutambaa na kutia vidole mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Huumwa na tumbo, hukosa choo, hupungukiwa na damu, na mzazi hudhani ni malaria au minyoo. Ubongo ukishadhurika, hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Hapa Mombasa tumeyaona madhara ya risasi katika kijiji cha Owino Uhuru, ingawa kule ilitoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi wa mwaka 2020 wa kuwalipa wakazi fidia.

Basi, rangi ya zamani ikiwa imeshika imara, usiikwangue. Ioshe, ikauke, kisha upake juu yake. Ikibambuka, watoto na mama wajawazito walale kwa jamaa hadi kazi iishe na nyumba isafishwe. Tandika karatasi ya nailoni sakafuni, lowesha ukuta kwa maji, kisha ukwangue taratibu. Usiichome kwa moto, maana moshi wake ni mbaya zaidi. Usifagie, pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa. Fundi naye aoge na abadilishe nguo kabla ya kuwabeba wanawe. (Mafundi hucheka nikiwaambia hivi.)

Ikiwa nyumba yako ilikwanguliwa majuzi na mtoto hana raha, mwambie daktari habari ya rangi, kwani asipoambiwa si rahisi kukisia. Kipimo ni cha damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kikifika mikrogramu 5 kwa desilita moja, chanzo kitafutwe na kiondolewe.