Unga wa Muhogo Mchungu

Mvua zikikosa na mahindi yakiisha ghalani, watu wa Tingi hugeukia makopa. Lakini mwaka wa ukame sumu ya muhogo huzidi, wala jua haliiondoi yote. Miaka ya 2002 na 2003 watu kadha wa mkoa wa Mtwara walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo.

Basi makopa yakisha kutwangwa na kuchekechwa, tia unga bakulini, utie alama ulipofika. Ongeza maji ukikoroga: unga utashuka, kisha utapanda; ufikapo alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, unene usifike kidole, muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu itoke hewani. Upike ugali siku ile ile, kwani unga uliolowa haulali. Kitoweo kiwe kunde au dagaa. Ugali mtupu haufai, hasa kwa watoto.