Dondoo muhimu: Tairi jembamba kwa Land Rover ya zamani

Ukishainua springi za Land Rover 109, tamaa ya kwanza ni kuifungia matairi mapana. Kwa njia za Mgeta na Kinole, milimani Uluguru, chagua jembamba: 7.50-16, saizi iliyozoeleka ya gari hilo. Masika, udongo mwekundu wa Uluguru huteleza juu, lakini barabarani chini yake mara nyingi pana tabaka gumu. Tairi jembamba lenye kashata zilizoachana hukata tope na kufikia tabaka hilo. Tairi pana huelea, na gari likaserereka kuelekea bondeni. Tena usukani wa gari hili hauna msaada wa haidroli, hivyo tairi pana huufanya mzito, na rimu yake inayotokeza nje huzidishia bearingi mzigo.

Wapo watakaosema tairi pana huzuia gari lililoinuliwa lisipinduke. Kutanua magurudumu husaidia kweli, ila tairi kubwa zaidi hulipandisha gari tena, na faida ikapungua. Mchangani ndiko tairi pana lina faida, kwa kuwa huelea. Huko punguza upepo wa tairi jembamba, kisha ujaze kabla ya kurudi kwenye lami. Rimu ziwe za chuma: ukingo ukipinda kwenye jiwe, fundi wa Msamvu, Morogoro, ataunyoosha kwa nyundo, ilhali ya aloi huweza kupasuka. Ukiona ufa, hata ya chuma itupe.