Kodi ya Mkate na Mishipi ya Dhahabu

Somo letu la safari hii latokana na suala tuliloulizwa darasani na kijana mmoja ambaye nduguye afanya kazi ya duka Nyeri. Nduguye huyo alitoka barabarani pamoja na wenziwe tarehe 25 Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha. Aliporejea kwao pwani kwa mapumziko, mzee mmoja alimwambia mbele ya watu ya kuwa aliyetoka siku ile ni mwasi, na mwasi akifa hana wa kumlilia. Kijana akatuuliza: "Sheikh, hivyo ndivyo?"

Suala hili si dogo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliokufa katika maandamano hayo kuwa 39 kufikia tarehe 1 Julai, na hesabu yake ya baadaye ikafika 60 na kuzidi. Tukiwaita wote waasi kwa neno moja, tutakuwa tumeihalalisha damu kwa ulimi. Basi na tulipime jambo hili kabla ya kulihukumu.

Kwanza tufahamu kilichopingwa. Mswada ule ulipoletwa, ulitaka mkate utozwe kodi ya asilimia 16, mafuta ya kupikia ushuru wa asilimia 25, na kila mwenye gari alipe asilimia 2.5 ya thamani ya gari lake mwaka hata mwaka. Tarehe 18 Juni watu walipoanza kuandamana Nairobi, Serikali iliyaondoa baadhi ya mambo hayo, ikiwamo kodi ya mkate. Lakini Mswada wenyewe ulipita Bungeni tarehe 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi.

Watu wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na Embu walitoka pia, na jambo hili lataka kuzingatiwa. Nchi ya Mlima Kenya ndiyo iliyompa Rais huyo kura nyingi sana katika mwaka 2022, nyuma ya miaka miwili tu, na Makamu wake wa wakati ule, Rigathi Gachagua, alikuwa mwana wa Mathira, katika Nyeri hiyo hiyo. Basi haiwezi kusemwa ya kuwa walitoka kwa chuki ya kabila au ya chama. Waliotoka ni wale wale waliomchagua. Kilio chao kilikuwa kimoja: mwatuongezea mzigo sisi, ilhali nyinyi hamjipunguzii kitu.

Wala si mara ya kwanza kwa nchi ile. Mwaka 1922 Harry Thuku alisimama kulalamikia kipande na kodi ya nyumba na ya kichwa, iliyokuwa imepanda hadi shilingi 16, na sauti yake ikafika mpaka Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo. Alipokamatwa, watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi tarehe 16 Machi wakapigwa risasi. Serikali ya mkoloni yenyewe ilikiri vifo 21. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu, huku kwetu pwani. Lakini mwaka ule ule kodi iliteremshwa hadi shilingi 12. Leo nani amwitaye Thuku mwasi? Nairobi ina barabara yenye jina lake.

Sasa tutazame wanazuoni walisema nini. Mwaka 1258 Wamongoli waliuteka mji wa Baghdad, kisha wakaikabili Misri. Qutuz, mtawala wa Misri, akawakusanya wanavyuoni na kuwauliza kama yafaa kuchukua mali za raia kwa ajili ya jihadi. Hapana dharura kubwa kuliko hiyo. Aliyemjibu ni Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, imamu mkubwa katika madhehebu yetu ya Shafi. Alisema kwamba yafaa, lakini kwa sharti: Beitulmali iwe haina kitu, na maamiri watoe kwanza mapambo yao na mishipi yao ya dhahabu, kila mmoja abakiwe na farasi wake na silaha yake tu, awe sawa na mtu wa kawaida. Ama kuwatoza raia ilhali maamiri wamekalia mali na vitu vya fahari, hapana. Na mwaka 1260 Wamongoli walishindwa katika vita vya Ain Jalut.

Hebu lipimeni jawabu hili kwa yaliyotokea kwetu. Tarehe 5 Julai 2024 Rais alitangaza kuvunjwa kwa mashirika 47 ya Serikali, na kuondolewa kwa fedha zilizotengewa ofisi za mke wa Rais na wa Makamu wake. Akasema pengo la shilingi bilioni 346 litazibwa kwa kupunguza matumizi bilioni 177 na kukopa bilioni 169. Basi kumbe palikuwa na mishipi ya dhahabu ya kuvuliwa! Mbona haikuvuliwa kabla mkate haujaguswa?

Huenda ikasemwa: "Kuandamana ni kumtokea mtawala, na hilo limekatazwa." Jawabu yake ni kuwa kumtokea mtawala ni kumwondoa kwa upanga. Ama kumkabili kwa neno la haki ni nasaha, na nasaha ni wajibu. Tena mtawala wetu ameapa kuilinda Katiba ya 2010, na kifungu chake cha 37 chawapa watu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na cha 201 chataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa uadilifu. Mwenye kulitumia aliloruhusiwa kwa ahadi hajaivunja ahadi.

Lakini mizani ina vitanga viwili. Siku ile Embu ofisi ya chama tawala iliteketezwa, na katika miji ya Mlimani maduka yalivunjwa yakaporwa. Hayo hayana hoja. Aliyetoka kudai amana ya Beitulmali, akarudi na gunia la sukari ya mwenziwe, amekuwa kama yule aliyemlalamikia. Mali ya mbunge ni mali ya mtu, nayo ina hurumu yake.

Basi jawabu letu kwa kijana wetu ni hili: nduguyo, ikiwa alitoka kwa ulimi wake na mikono mitupu, si mwasi, na wenziwe waliouawa katika hali hiyo ni watu waliodhulumiwa, wa kuliliwa na wa kudaiwa haki yao. Na mzee aliyesema lile neno yampasa amwombe radhi.

Nasi watu wa pwani tusingoje moto. Mswada wa Fedha huletwa Bungeni kila mwaka kabla ya Juni, na kamati huita maoni ya watu. Na tuusome misikitini na mabarazani, tuandike tulionalo, tuyapeleke mapema. Neno lisemwalo mwezi wa Mei huenda likaokoa roho mwezi wa Juni.

Wabillahi tawfiq.