Konokono wa mfereji kwenye tangi la samaki

SWALI: Nasikia matangi ya maji ya bahari husafishwa na konokono, kaa na kamba. Mimi nafuga samaki wa maji baridi kwenye tangi la kioo hapa Ubaruku. Je, naweza kuokota konokono kwenye mifereji ya mpunga?

JIBU: Usiwaokote, tafadhali. Konokono wa bahari wangekufa kwenye maji yako yasiyo na chumvi. Hao wa mfereji wataishi vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo. Baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho. Konokono mmoja aliyeambukizwa anaweza kutoa mamia ya viluwiluwi vya kichocho kwa siku, visivyoonekana kwa macho, vikapenya ngozi ya mkono unaoutumbukiza kusugua kioo. Kama umeshawaweka na kushika maji hayo, nenda zahanati ukapimwe, dawa ipo.

Kuhusu usafi wa tangi, utelezi wa kijani kwenye kioo huletwa na mwanga na chakula kilichobaki. Sogeza tangi mbali na dirisha, punguza chakula, badilisha robo ya maji kila wiki.

Konokono wa kununua nao usiwamwage mferejini. Mwaka 2020, huko Mwea, Kenya, aligunduliwa konokono mgeni kutoka Amerika Kusini anayetafuna miche ya mpunga.