SOMO: Mkahawa na shamba, tupatane kabla ya kupanda



Katika ziara zetu kando ya Bukavu, upande wa Kabare na Walungu, tulikuta ugomvi mmoja unaorudi mara kwa mara. Familia iliyokimbia vita imekodi kipande cha shamba na kupanda maharagi. Yanapokaribia kukauka, mama mwenye mkahawa anafika kutoka mjini na pesa mkononi. Mwenye shamba akiziona, anasema: "Muda wenu umekwisha, nirudishieni shamba langu." Hapo jirani anageuka adui.

Biashara yenyewe si mbaya. Shida ni kwamba watu watatu wanategemea shamba moja, lakini hawajakaa pamoja hata siku moja.

1. Kila mmoja anahitaji nini?

Mama wa mkahawa, au malewa kama tunavyosema, anapika kila siku: bugali, sombe, maharagi, lengalenga. Wateja wake hawangojei mavuno. Mkulima naye anavuna mengi kwa mara moja, kisha anakaa miezi mingi mikono mitupu. Mwenye shamba anataka kodi yake, na hakika kwamba ardhi ya baba yake haitapotea.

2. Tufuate majira

- Msimu A: tunapanda kuanzia katikati ya Septemba, tunavuna mpaka Januari.
- Msimu B: tunapanda Februari na Machi, tunavuna mpaka Juni.
- Msimu C: wakati wa kiangazi, tunalima mboga katika mabonde yenye maji.

Maharagi mafupi yanachukua miezi 3 hivi. Lengalenga iko tayari baada ya majuma 3 au 4. Ukipanda vitanda vyake kwa zamu, unaweza kupeleka mboga mkahawani kila juma. Majani ya muhogo yanachumwa muda mrefu, lakini usiyamalize, maana mizizi itabaki midogo. Basi mkulima asiahidi maharagi ya mwaka mzima. Aahidi kila kitu kwa wakati wake.

3. Bei isiwe mtego

Baada ya mavuno maharagi yanashuka bei. Wakati wa kupanda yanapanda, kwa sababu kila mtu anatafuta mbegu na akiba imekwisha. Mara nyingi mama wa mkahawa anatoa pesa mapema, wakati wa njaa, na mkulima anakubali bei yoyote. Mavuno yakifika, anaona ameibiwa, anauza usiku kwa mtu mwingine. Mama naye anaona amesalitiwa.

Tunashauri hivi: nusu ya mavuno iuzwe kwa bei iliyopatanwa mwanzoni, nusu kwa bei ya soko siku ile. Kipimo kiwe kimoja kwa wote, na kiwekwe kwa chefu wa kijiji. Mbegu za msimu unaofuata zitengwe kwanza, kabla ya kuuza.

4. Mwenye shamba asisahauliwe

Washi wanajua bwasa, yaani kukodi shamba kwa msimu. Lakini msimu unaisha lini? Mvua ikichelewa, mavuno yanachelewa. Kwa hiyo karatasi isiandike tarehe peke yake, iandike: "mpaka mavuno yamalizike." Iwekwe alama mbele ya chefu, na mashahidi wa pande zote mbili, wenyeji na waliohama.

5. Na mavuno yakipotea?

Tarehe 4 Mei 2023 mito ilifurika Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, ikaua watu zaidi ya 400. Nyumba na mashamba vilikwenda na maji. Mkulima aliyepokea pesa ya mkahawa angelipa nini siku ile? Jambo hili lisemwe mapema: je, deni litangoja msimu mwingine, au hasara itagawanywa? Mkimbizi asiyeweza kulipa anakimbia mara ya pili, safari hii kwa sababu ya deni.

Maswali ya kujadili pamoja

1. Katika kijiji chetu, nani anakodisha mashamba, na nani anashuhudia?
2. Ni miezi gani familia zetu zinauza mazao yangali shambani? Kwa nini?
3. Kabla ya Septemba, tunaweza kuwaketisha wapi mkulima, mama wa mkahawa na mwenye shamba?