Maltipleksa: Waya Mmoja kwa Ishara Nyingi

Tuchukue mfano wa matangi manane ya maji yaliyojengwa kilimani, mbali na chumba cha pampu. Ndani ya kila tangi mna swichi ya boya: tangi likijaa, swichi hutoa ishara ya 1, maji yakipungua, hutoa 0. Ili fundi aliye bondeni apate habari za matangi yote, zahitajika nyaya nane za ishara. Je, yawezekana kuzipunguza? Yawezekana, kwa kutumia kifaa kiitwacho maltipleksa.

Maltipleksa huchagua ishara moja miongoni mwa nyingi na kuipitisha katika waya mmoja. Tuanze na iliyo ndogo kabisa, yenye ishara mbili, A na B, na waya mmoja wa kuchagulia, S. Hiyo huundwa kwa malango manne ya mantiki: mawili ya NA, moja la AU na moja la SI. Lango la NA hutoa 1 iwapo tu ishara zote ziliingiazo ni 1. Basi A huingia katika lango la kwanza la NA pamoja na kinyume cha S, kinachotolewa na lango la SI. B huingia katika lango la pili pamoja na S yenyewe. Matokeo ya malango hayo mawili huunganishwa na lango la AU.

S ikiwa 0, lango la pili hutoa 0 tu, B iwe 0 au 1. Tokeo la mwisho huwa sawa na A. S ikiwa 1, A huzuiwa na B hupita.

Waya mmoja wa kuchagulia una hali mbili. Nyaya mbili zina hali nne. Nyaya tatu zina hali nane. Kwa hiyo matangi yetu, yakipewa namba 0 hadi 7, yatahitaji nyaya tatu za kuchagulia na mmoja wa jibu: jumla nne badala ya nane. Fundi akipeleka 101, yaani 5, tangi namba 5 ndilo lijibulo. Chipu ya 74151, yenye miguu 16, hufanya kazi hiyo yote.

Hata hivyo, akiba hiyo ina gharama yake, nayo ni wakati. Maltipleksa haina kumbukumbu. Tangi likijaa na kupungua tena kabla zamu yake haijafika, fundi hatajua kamwe. Maji hubadilika polepole, lakini sauti hubadilika upesi. Kanuni yataka ishara ipimwe zaidi ya mara mbili kwa kila mtetemo. Ndiyo sababu katika simu za kidijiti sauti, ambayo hupunguzwa isizidi mitetemo 3,400 kwa sekunde, hupimwa mara 8,000 kwa sekunde. Kwa zamu za haraka namna hiyo, mfumo wa E1 hupitisha mazungumzo 30 katika njia moja.

Zoezi: Matangi yakiwa 16, na kila moja likisomwa kwa nusu sekunde, zahitajika nyaya ngapi za kuchagulia? Tangi moja litasubiri muda gani toka mwanzo wa zamu yake hadi mwanzo wa zamu ifuatayo?

Majibu: Nyaya 4, sekunde 8.