Ganzi ya vidole na kibodi ya Dvorak

Katika safu yetu ya afya leo tunawazungumzia wale ambao riziki yao ipo kwenye kompyuta: makarani, wanafunzi, na akina mama wanaochapa kadi za harusi nyumbani. Wapo wanaoamka usiku vidole vimekufa ganzi, au kifundo cha mkono kinawauma wanapokiegemea katika sijda. Mtume (s.a.w.) alimkumbusha Abdullah bin Amr kwamba mwili wake una haki juu yake, na mkono umo.

Mpangilio wa herufi tuliouzoea, unaoanza na Q, W, E, R, T, Y, ulitokana na mashine za taipu za miaka ya 1870. Mwaka 1936 huko Marekani, August Dvorak na William Dealey walipata hataza ya mpangilio mwingine. Humo irabu zote tano, A, O, E, U, I, zipo mstari wa kati, chini ya mkono wa kushoto, pale vidole vinapopumzikia. Sasa tazama Kiswahili chetu kilivyojaa irabu! Ukichapa "salama" au "rehema", mikono inapokezana herufi kwa herufi. Ila "kupika" lote linauangukia mkono wa kushoto, kwani Dvorak alikuwa anakifikiria Kiingereza.

Asikudanganye mtu kuwa hii ni dawa. Vidole husafiri kidogo zaidi, ni kweli, lakini haijathibitishwa kwamba ganzi hupona kwa hilo. Bado viwiko viwe usawa wa kibodi, vifundo vinyooke, na upumzike. Adhuhuri na Alasiri zinakuinua kitini kwa wakati wake. Ganzi ikiendelea, au ukaanza kuangusha vikombe, muone daktari mapema.

Ukitaka kujifunza, Windows tayari inao mpangilio huu, upande wa lugha na kibodi. Usibandue vitufe. Chora herufi kwenye karatasi, uibandike mbele ya macho, ujizuie kutazama vidole. Anza na mstari wa kati, dakika 20 kila siku. Wiki za mwanzo utakuwa mzito kama mtoto wa alifu na bee, hivyo usianze mtihani ukiwa karibu. Na kama kompyuta ni ya familia, rudisha mpangilio wa zamani kabla ya kuinuka, la sivyo mwenzako ataandika neno lake la siri na kukataliwa.